Kijana mbaroni, mjasiriamali studio: tabaka linavyoingia kwenye habari bila kutajwa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kijana kuwa mtu aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Sera ya vijana ya Tanzania ya mwaka 2007 inaanzia miaka 15 na kukomea 35. Chumba cha habari hakifuati kipimo chochote kati ya hivyo. Mtu wa miaka 31 mwenye kampuni ya programu za simu akihojiwa, maandishi ya chini ya skrini yatamwita mkurugenzi au mjasiriamali. Wa miaka 31 hiyohiyo anayeendesha bodaboda atakuwa "kijana", na akiwa na wenzake watatu watakuwa "kundi la vijana". Dada wa umri huo anayepika chakula pembeni mwa barabara ni mama lishe, awe amezaa au hajazaa.

Kwa hiyo neno lenyewe, kabla hata picha haijaonekana, limeshabeba kipato. Kwenye gazeti na runinga zetu "kijana" ni umri nusu, na nusu ni tabaka. Ugumu wa mada hii uko hapo: ukisoma habari za mwezi mzima unaweza usikutane na neno tabaka hata mara moja, lakini kila habari itakuwa imekwambia nani yuko juu na nani yuko chini.

Mtaani maneno yapo tele. Dar es Salaam ina uswazi kwa walalahoi na ushuani kwa wenye nacho, ina mtoto wa kishua na mtoto wa geti kali. Nairobi ina mbabi, yaani mtoto wa wenye nacho. Mwenyeji hahitaji kufafanuliwa. Mhariri akiyasikia maneno hayo huyabadilisha kuwa "wananchi wa kipato cha chini", au huyafuta kabisa. Kwa Tanzania sababu moja ni ya kihistoria. Enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, redio na magazeti yalijaa makabaila, mabepari, mabwanyenye na wanyonyaji. Msamiati huo ulistaafu pamoja na siasa yake, na neno tabaka likabaki na harufu ya mkutano wa chama. Anayelitumia leo anaonekana ama ni mwanazuoni ama anatafuta ugomvi. Kenya ilipata nafasi ya pekee katika kampeni za mwaka 2022, pale upande mmoja ulipojiita wa mahasla, yaani wachakarikaji, dhidi ya koo za watawala, toroli likawa nembo ya chama na baadaye mkopo wa serikali wa kuanzia shilingi 500 ukapewa jina hilohilo la hasla. Hapo tabaka lilitajwa kwa sauti kubwa, ila lilitajwa na wanasiasa. Vyombo vya habari vililibeba tu.

Anwani hufanya kazi ya tabaka

Mlango wa kwanza ambao tabaka hupitia ni mahali. "Mkazi wa Tandale", "mkazi wa Mathare": msomaji ameshamaliza kumchora mtu huyo. Mwenye nyumba Masaki au Runda akitajwa, mara nyingi hatajwi kwa mtaa wake, anatajwa kwa cheo au kwa kazi.

Mipaka hiyo ina umri. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliigawa Dar es Salaam kwa kanuni za ujenzi: huku nyumba za Kizungu, huku majengo ya biashara, huku nyumba za Waafrika. Wenyeji wakayabatiza maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Baada ya uhuru rangi ilitoka kwenye kanuni, ramani ikabaki, na "uswahilini" likafupishwa kuwa uswazi. Nairobi ni vivyo hivyo, mashariki ya walalahoi na magharibi ya wenye nacho. Mwandishi anayeandika "kijana wa Eastlands" hajasema neno lolote la kumshusha mtu, lakini wahariri wanajua kwa nini jina la mtaa limewekwa kwenye kichwa cha habari badala ya aya ya nne.

Namna habari moja ya polisi inavyopikwa

Wengi hudhani picha mbaya ya kijana maskini inatokana na chuki ya waandishi. Chuki ipo kidogo. Kilicho kikubwa zaidi ni gharama.

Tazama hatua zenyewe. Kamanda wa polisi wa mkoa anaita waandishi saa nne asubuhi. Wakifika, watuhumiwa wamechuchumaa mstari mmoja ukutani. Mbele yao vielelezo vimepangwa chini: simu, mapanga, misokoto ya bangi, runinga bapa moja au mbili. Kamanda anasoma taarifa akiwa amesimama au ameketi mezani, na kamera inamchukua usawa wa kifua. Halafu mpiga picha anageuka, anainamisha kamera, anawachukua waliochuchumaa kutoka juu, na kwa kuwa wameinamisha vichwa anapata visogo, mabega na ndala. Kwa muda usiozidi saa moja mwandishi ana msemaji mwenye cheo, ana idadi, ana vitu vya kuonyesha na ana picha zinazotosha dakika moja na nusu. Nauli amelipa ya kwenda na kurudi tu.

Sasa weka pembeni habari ya pili: kwa nini mtaa fulani umekosa ajira kwa vijana wake. Hiyo inataka kutwa nzima. Kuna kuonana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili kamera isizuiwe, kuna familia tatu za kuhoji, kuna ofisa wa manispaa asiyepokea simu, kuna kelele za mashine ya kusaga nafaka zinazoharibu sauti. Mwandishi wa mkoani ambaye analipwa kwa habari iliyotoka, si kwa siku alizohangaika, atachagua nini? Habari mbili za polisi zinaingia kabla ile moja haijakamilika.

Makosa yanayofuata yanajulikana mpaka yamezoeleka. Watuhumiwa wakiachiwa kwa kukosa ushahidi, hakuna mkutano na waandishi unaoitishwa kusema hivyo, kwa hiyo hakuna habari. Picha inabaki kwenye hifadhi ya chumba cha habari, na mwaka unaofuata inatumika tena ikiwa na maandishi madogo "picha ya maktaba", kwenye habari ya mkoa mwingine na watu wengine. Kijiwe cha bodaboda kilichopigwa picha siku ya kampeni ya usalama barabarani kinaishia kupamba habari ya wizi.

Mtuhumiwa akiwa mtoto wa kigogo, hatua hubadilika zote. Habari inaanzia mahakamani badala ya kituoni. Anatembea, hachuchumai. Wakili wake ananukuliwa kabla ya polisi. Ana majina matatu, ana shule aliyosoma, na mpaka hukumu itoke anaitwa mtuhumiwa. Wale wa mstarini waliitwa wahalifu tangu asubuhi.

Mapema Januari 2015 Dar es Salaam ilipata somo la jinsi picha za aina hii zinavyolimbikizana. Jina Panya Road lilikuwa limeshatumika kwa magenge ya vijana, baadhi yao watoto kabisa, wanaovamia mitaa kwa mapanga. Jioni moja uvumi ulisambaa kwa simu kwamba wako njiani. Maduka yakafungwa, watu wakakimbia, na kila mtaa ukaamini kwamba wameshafika mtaa wa jirani. Siku zilizofuata polisi wakakamata mamia. Uhalifu ulikuwepo, watu waliporwa na kuumizwa, na kusema vinginevyo ni kuwakosea. Lakini mamia ya waliokamatwa na idadi ya waliofanya uvamizi ni vitu viwili tofauti, na kilichowaunganisha machoni pa jiji kilikuwa umri, mavazi na mtaa.

Mwanasosholojia Stanley Cohen aliieleza hali hii kwa kuangalia Uingereza ya mwaka 1964, ambako vijana wa makundi mawili, wa pikipiki na wa skuta, waligombana kwenye mji wa ufukweni wa Clacton sikukuu ya Pasaka yenye baridi na mvua. Magazeti yaliandika kama vile mji umetekwa. Cohen alionyesha mzunguko: tukio dogo linakuzwa, kundi linapewa jina, polisi wanaongeza nguvu, waliokamatwa wanakuwa ushahidi kwamba kundi ni kubwa, na vijana wengine wanalipenda jina na kulivaa. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahauliwa. Jina likishakuwa maarufu lina faida kwa mwenye kulitumia kutisha.

Saa moja jioni na saa tatu usiku

Kenya ina maabara yake ya kila siku. Kwa miaka mingi vituo vyake vikubwa vya runinga vimekuwa na taarifa ya Kiswahili saa moja jioni na ya Kiingereza saa tatu usiku. Tukio ni moja, mwandishi mara nyingi ni mmoja, hadhira inayodhaniwa ni mbili. Linganisha habari moja ya mgomo wa matatu katika taarifa zote mbili uone. Jioni, makanga, yaani konda, anaachiwa sentensi mbili tatu kwa Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi. Usiku, sentensi zake zimekuwa moja, ina manukuu ya Kiingereza chini yake, na nafasi iliyobaki kapewa mchambuzi mwenye koti anayeeleza athari kwa uchumi.

Manukuu ni msaada kwa asiyeelewa, lakini yana tabia ya kuchagua nani wa kumsaidia. Wapo wasichana wa shule za bei ghali wanaochanganya Kiingereza, Kiswahili na Sheng katika pumzi moja, na hawawekewi manukuu. Lugha yao inahesabiwa ni ujana. Ya makanga inahesabiwa ni lugha ya kigeni. Pierre Bourdieu, msomi wa Ufaransa, aliuita uwezo wa aina hiyo mtaji: namna ya kuongea inayofungua milango hata kama mfukoni hamna kitu. Mwenye Kiingereza kilichonyooka anaulizwa maoni. Asiye nacho anaulizwa alichokiona.

Muziki nao umepita njia hiyo. Singeli ilizaliwa Manzese, Tandale na mitaa ya jirani, kwenye vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha, ikikimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Kwa muda mrefu ilitajwa kama muziki wa kihuni, na habari zake zilikuwa za kesha lililofungwa au ugomvi uliozuka. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, matamasha ya Ulaya yakaanza kuwaita watayarishaji wake, na taratibu singeli ikaanza kuitwa utamaduni wetu. Mdundo haukupunguzwa hata kidogo. Aliyebadilika ni msikilizaji, na tiketi yake.

Juni 2024: picha mbili kwa watu walewale

Kama kuna wakati mmoja unaofaa kusomwa kwa makini, ni siku tisa za Juni 2024 nchini Kenya, tarehe 18 hadi 26. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Ukiangalia vizuri, muswada mmoja ulimgusa anayenunua nusu mkate na anayemiliki gari dogo. Tarehe 18 kamati ya bunge ilitangaza kuviondoa vipengele hivyo, na siku hiyohiyo vijana wakaingia barabarani Nairobi hata hivyo.

Maelezo ya kwanza kutoka upande wa serikali yalikuwa ya tabaka, tena ya juu. Walisikika wanasiasa wakidai kwamba waandamanaji ni watoto wa starehe: wana simu ghali, wamekuja kwa teksi za mtandaoni, wakimaliza wanakwenda kula kuku mgahawani. Maana yake, hawana shida za kweli, kwa hiyo hawana haki ya kulalamika. Ilipofika tarehe 25, waandamanaji walipoingia Bungeni na risasi zikapigwa, hotuba ya Rais usiku huo ilikuwa ya uhaini na wahalifu walioyateka maandamano. Ndani ya wiki moja mbabi akawa mhuni.

Vyombo vya habari vilihangaika kwa sababu kabati lao la picha lina droo mbili tu. Kwa kijana maskini kuna picha ya mawe na matairi. Kwa kijana tajiri kuna picha ya simu na nywele. Waliokuwa barabarani walikuwa na vyote: binti wa chuo aliyeshika bango kwa Kiingereza safi amesimama na muuza maji wa Githurai. Wao wenyewe walijitangaza hawana kabila, hawana kiongozi, hawana chama. Neno lililookoa jahazi likawa "Gen Z", jina la Kiingereza la kizazi cha vijana wa sasa. Lilikuwa neno zuri kwa mhariri kwa kuwa linataja umri peke yake. Tatizo ni kwamba lilifuta tena kile muswada ulichokuwa umekifichua, kwamba mkate na gari viko kwenye bajeti tofauti. Rais alikataa kutia saini muswada tarehe 26. Mjadala uliofuata kwenye studio ukawa wa kizazi: wanataka nini, wanafikiri vipi, wazazi wao walikosea wapi. Mshahara, kodi ya nyumba na ajira vikarudi kwenye kurasa za biashara.

Ngazi ya mbao na ndoo ya maji

Tamthilia zina msimbo wake, na ni rahisi kuusoma. Utajiri ni geti linalofunguliwa na mlinzi, sebule yenye ngazi ya kupanda ghorofani, juisi kwenye trei. Umaskini ni uani, kanga iliyofungwa kifuani, jiko la mkaa, ndoo. Katikati hakuna mtu: mwalimu anayepanga vyumba viwili na kuchangia mita ya umeme na majirani haonekani, ingawa mijini watu wa hali hiyo wamejaa. Hapa pia mkoba una neno. Nyumba kubwa hukodiwa kwa siku chache, kuta zake ni za rangi nyepesi zinazorudisha mwanga, vyumba ni vikubwa kuruhusu kamera irudi nyuma, na uzio unazuia kelele. Chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi hakina pa kuweka taa, na jirani hawezi kuzimiwa redio yake. Kwa hiyo hata hadithi ya maskini huishia kuchezwa sebuleni kwa tajiri, na maskini anaingia humo kwa mlango wa jikoni.

Ndiyo maana dada wa kazi ana kazi nyingi kwenye tamthilia kuliko ilivyo kawaida. Beki tatu ndiye daraja la kupitishia tabaka: anasikia siri, anatongozwa na baba, anaonewa na mama, na ana lafudhi ya mkoani ya kuchekesha. Jinsia inaamua hatima. Kijana wa kiume maskini ni hatari mpaka athibitishe vinginevyo. Wa kike ni ama wa kuokolewa ama wa kutega, na akipendeza bila kazi inayojulikana ataitwa mdangaji au slay queen. Kijana wa kiume wa kishua akipendeza bila kazi inayojulikana anaitwa mtoto wa fulani, basi.

Simu ilibadilisha nini

Ahadi ya simu ilikuwa kwamba kila mtu atajionyesha mwenyewe. Kwa sehemu imetimia: fundi wa Kariakoo anarusha kazi yake TikTok na kupata wateja bila kupitia mhariri. Lakini bei ya kuingia ipo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au runinga ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja nyingine kila mwaka. Milioni mbili na laki moja kabla hujaandika sentensi. Kanuni zilifanyiwa marekebisho baadaye, ila tayari zilikuwa zimechuja nani abaki na nani azime.

Halafu kuna maskini anayegeuzwa maudhui. Mwenye kamera anamfuata muuza karanga, anajifanya kutaka kununua, anatoa burungutu la noti, kamera inasubiri chozi. Watazamaji wanabarikiwa, mwenye akaunti analipwa kwa matazamo, na sura ya muuza karanga inabaki mtandaoni miaka yote ikiwa na machozi yake. Aliyeombwa ridhaa, kama aliombwa, aliombwa akiwa ameshashika pesa.

Ukitaka kupima mwenyewe

Maneno matupu hayamshawishi mhariri, hesabu humgusa. Chukua kituo kimoja, taarifa kuu ya habari, siku saba mfululizo. Epuka wiki ya matokeo ya mitihani na wiki ya kufungua kidato cha kwanza. Wakati huo hujaa habari za "licha ya umaskini", mtoto wa muuza mkaa aliyeongoza, mwingine aliyefika shuleni mikono mitupu, na hesabu yako itainama upande mmoja. Chora jedwali lenye safu sita kwa kila kijana anayeonekana: je, jina limetajwa, ametambulishwa kwa kazi au kwa mtaa, kamera iko juu yake, usawa wake au chini yake, yuko peke yake au kundini, sauti yake imesikika sekunde ngapi, ameulizwa nini.

Kosa la kwanza la wengi ni kukadiria tabaka kwa mavazi. Mitumba imevuruga kipimo hicho zamani, shati la chapa ya Ulaya linapatikana mnadani. Andika kile habari ilichokisema au kukionyesha waziwazi, na pasipojulikana andika "haijulikani". Kosa la pili ni kupima peke yako. Mpe mwenzako habari kumi zilezile azijaze bila kuona majibu yako. Mkipishana kwenye zaidi ya mbili, maelezo ya safu zenu hayajaeleweka, yaandikeni upya kabla ya kuendelea. La tatu ni kuhesabu kuonekana ukadhani ni kusikika. Vijana maskini huonekana sana. Shida iko kwenye sekunde.

Safu ya swali ndiyo ngumu kujaza, kwa kuwa mhariri huikata sauti ya mwandishi na kubakiza jibu. Inabidi ulikisie swali kwa jibu lake. Mjasiriamali anaposema "ndani ya miaka mitano tunategemea kufungua matawi mengine", ameulizwa ana mpango gani. Na yule wa kijiweni, anayesimama mbele ya pikipiki yake na kusema ile sentensi ambayo kila mtazamaji anaijua, "tunaiomba serikali itusaidie", ameulizwa anaiomba nini serikali. Andika hivyo kwenye jedwali.